Picha Namba Moja

4 Februari

Dada,

Salamu zangu zichukue zote uzigawe humo ndani, na shemeji mpe mbili, kwa kuwa nimesikia amemchongea mwanangu kitanda. Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo inachubuka kwa sabuni, maana shuka za hospitali nzima zinapita kwangu kabla hazijafika kwa mgonjwa yeyote.

Picha zimefika, sita, hazikukunjika. Nilizifungua nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Dada, nakuuliza moja kwa moja, maana nikizunguka nitasahau adabu. Mwanao, huyo mnayemwita Mwalimu, nimemwona mpaka nyuzi za utepe wake wa kichwani. Nimemwona na kovu la tetekuwanga puani. Wangu yuko wapi? Pembeni yake kuna kivuli kimevaa gauni la njano, kina meno. Gauni nalijua, nililituma mimi. Meno naamini ni yake. Kilichobaki ni giza.

Kamera ile sikuiokota. Niliichagua dukani, ndogo, ya kuingia mfukoni, ili usipate shida ya kuibeba. Niliijaribu mwenyewe kabla sijaifunga kwenye boksi, na ilikuwa inafanya kazi. Sasa nieleze, imefika huko ikachagua mtoto wa kumwona na mtoto wa kumwacha?

Nilimwacha Bi Maswali wangu ana miaka mitatu. Sasa ana mitano. Miaka miwili namwona kwa macho ya wengine. Ukimpiga picha, usimweke kivulini. Mtoe mbele.

Na siku hizi anakuitaje? Bado ni Mama Mkubwa?

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Umeanza na salamu ukamaliza na kesi. Nimeisoma barua yako kwa sauti, shemeji yako akacheka mpaka akaweka randa chini. Mimi sikucheka sana.

Jua ni moja, mama. Watoto walisimama wote wawili mbele ya ukuta wa nyumba, ule uliopakwa chokaa juzi ukawa mweupe hadi unauma macho. Nikasema cheka, wakacheka, nikabonyeza. Hakuna aliyewekwa kivulini. Mwalimu amechukua rangi ya baba yake, unamjua shemeji yako, akikaa kivulini siku tatu anafanana na mbao anazozipiga randa. Wako amechukua rangi ya baba yetu, na baba yetu hata kwenye picha ya harusi yake tulikuwa tunamtambua kwa kola. Je, na yeye alionewa na mpiga picha?

Bi Maswali anakula, analala, anauliza. Jana aliuliza kwa nini pazia lina mbele na nyuma ilhali dirisha halina. Nina mapazia kumi na manane ya shule ya kushona, na yeye yuko chini ya cherehani anauliza. Ukitaka kujua anaendeleaje, anaendelea hivyo.

Anakuitaje, anakuitaje. Ananiita kwa sauti kubwa, hasa nikiwa nimeshika mkasi. Nimekutumia nyingine nne. Ridhika.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Sijaridhika.

Hizi nne ni mbaya kuliko zile sita. Safari hii umemtoa mbele, ahsante, na bado simwoni. Mwalimu yuko nyuma anang'aa kama sahani, mwanangu yuko mbele ni shimo. Nimezisogeza kwenye taa, nimezigeuza, nimezipeleka dirishani. Nimejaribu hata kuzifuta kwa kitambaa, ujinga gani huo.

Ngoja nikueleze lililonikuta. Humu chumbani tuko wanne. Kila mmoja amebandika watoto wake ukutani juu ya kitanda chake. Nami nikabandika. Mama Pasi, huyu mkubwa wetu wa kunyoosha nguo, akaja akaangalia kwa hisani yake yote akasema, "Mashallah, mwanao mzuri, na utepe wake." Amemgusa Mwalimu! Kidole kiko juu ya Mwalimu! Nikamwambia hapana, wangu ni huyu. Akainama, akainama zaidi, akasema, "Aha." Dada, "aha" ile nimelala nayo na kuamka nayo.

Utaniambia nina wivu. Ndiyo, ninao, na nauandika wazi usije ukapata taabu ya kuuchimba. Ninamwonea wivu mwanao kwa mwanga. Ninakuonea wivu wewe kwa kuulizwa mambo ya pazia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe hili hulijui kwa sababu wako umelala naye nyumba moja tangu azaliwe.

Kwa hiyo nimeamua. Nimeandika maombi ya chumba cha familia hapa kazini, na wamekubali, kitakuwa wazi mwisho wa mwaka. Desemba nakuja kumchukua.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Umenitupia methali, nami nakurudishia yangu, ya kwako ibaki na wewe: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Basi tumelingana, tuendelee.

Ili nisiitwe tena mchawi wa mwanga, nilifunga cherehani mchana kweupe nikaenda kwa Bwana Pasipoti, yule anayepiga picha za vitambulisho pale karibu na posta na kusafisha hizi zetu. Nikamwekea picha zote mezani. Nikamwambia, mdogo wangu anasema namwonea mwanawe. Akazitazama, akaomba kamera, akaiwasha, akabonyeza mahali, akaguna.

Kumbe kuna kitufe. Kidogo, mgongoni mwa kamera, kina alama ya kujumlisha na ya kutoa, na ukikibonyeza mshale unatokea kwenye kioo. Bwana Pasipoti anasema kamera haijui kilicho mbele yake. Haijui huu ni ukuta na huyu ni mtoto. Inachojua ni kwamba inataka kila kitu kiwe cha wastani, kama mtu anayetaka kila chai iwe vuguvugu. Ikiona chokaa nyingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na ikipunguza, wa kwanza kuzama ni mwenye rangi ya baba yetu. Ikiona chumba cheusi inafanya kinyume, inaongeza mpaka nguo nyeupe inaungua. Kwa hiyo wewe mwenye macho ndiye unayeisahihisha. Mbele ya ukuta mweupe unasogeza mshale kwenye kujumlisha. Mbele ya giza, unasogeza kwenye kutoa.

Na yetu, anasema, ilikuwa imekaa kwenye kutoa siku zote hizi. Ukiizima haisahau, inalala na mshale wake palepale. Akaniuliza nani aliuweka hapo. Nikamwambia si mimi, mimi nilijua kitufe kimoja tu, kile cha juu.

Nimekuwekea tatu. Mtoto yuleyule, ukuta uleule, gauni lilelile, saa nne asubuhi. Ya kwanza mshale uko kwenye kutoa. Ya pili uko katikati. Ya tatu ni jumlisha moja. Utaona ukuta wa ile ya tatu umeungua, umekuwa kama karatasi, na mlango nyuma hauonekani vizuri. Bwana Pasipoti anasema huwezi kupata vyote, lazima uchague unataka kumwona nani.

Desemba iko mbali.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Nimemwona.

Niliiweka ile ya kwanza kitandani, kisha ya pili, kisha ya tatu, mojamoja, kama mtu anayekuja kutoka mbali anakaribia. Kwenye ya tatu amefika. Ana paji la uso la baba. Ana kidole gumba kinachopinda kama changu. Jino la mbele limeng'oka, wala sikujua. Nilimwita Mama Pasi kwa nguvu mpaka akadhani kuna moto. Safari hii hakusema "aha." Alisema, "Huyu umemtema, ni wewe mtupu." Nilimbusu mama wa watu.

Ningeishia hapa ingekuwa barua nzuri. Lakini nimekaa na picha ile siku tisa na sasa imenigeuka.

Kwanza, kwenye nyusi ya kushoto ana kovu. La lini? Giza lilikuwa limelifunika, na wewe pia ulilifunika.

Pili, macho. Dada, wakati hayaonekani nilikuwa najiambia ananitazama. Kweli! Nilikuwa nasema pale penye giza kuna macho mawili, na yananiangalia mimi niliyeituma kamera. Sasa yanaonekana, na haitazami kamera. Anatazama juu yake kidogo. Anamtazama aliyeishika. Na anavyomtazama sihitaji kuelezwa, kila mtu aliyewahi kuwa na mama anaujua mtazamo ule. Ule ni wangu. Mimi ndiye niliyemzaa kwa siku mbili, na wewe umekaa hapo na kamera yangu unaupokea kila asubuhi bure.

Sijui nani alisogeza mshale ule kwenye kutoa. Unasema si wewe. Shemeji ni mtu wa mbao. Mwalimu ana miaka tisa. Basi nani, chokaa?

Nakuomba kitu kimoja. Picha inayofuata usiishike kamera wewe. Na usisimame nyuma yake. Nataka nione mwanangu anatazamaje pasipokuwa na wewe.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Kovu ni la mwezi wa nane mwaka jana. Alikuwa anashuka ngazi ya nyuma huku ananiuliza kitu, akakosa kidaraja cha mwisho. Nyuzi mbili. Alilia hadi kwa daktari, na huko akamuuliza daktari uzi unatoka wapi. Sikukuandikia kwa sababu ungefanya nini? Ungelala macho wiki tatu mpaka barua yangu ya pili ifike. Nilibeba mwenyewe. Unaweza kuita kukuficha.

Ulichoomba nimefanya. Bwana Pasipoti amenionyesha namna ya kuiambia kamera isubiri ijipige yenyewe. Niliiweka juu ya boksi la nyuzi, mshale kwenye jumlisha, nikamwambia Bi Maswali atazame kile kitaa chekundu kinachopepesa. Nikaingia ndani, nikarudisha mlango. Hukusema nisimame nyuma ya mlango, lakini nilisimama.

Picha hiyo hapo. Sijaichagua, ni moja tu. Unaona anatazama wapi. Anatazama mlango. Usinilaumu, nilifanya ulivyosema.

Na kuhusu nani alisogeza mshale. Nimekaa na swali lako na hasira yangu wiki mbili, sasa nakujibu. Kwenye kadi ya kamera picha zina namba, na tarehe imeandikwa pembeni. Picha namba moja si ya kwangu. Imepigwa siku kumi na mbili kabla boksi halijafika hapa. Kuna mwanamke amesimama mlangoni mwa chumba chenye mashine, amevaa sare nyeupe iliyonyooshwa mpaka unaweza kuhesabu mikunjo. Vifungo sita. Mfuko una kalamu. Na juu ya kola hakuna mtu. Giza tupu.

Mwanamke huyo ni wewe. Kamera ilikuja huku mshale uko kwenye kutoa tayari. Usiniandikie tena habari za chokaa.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Nimekumbuka, na ningependa nisikumbuke.

Ilikuwa siku ya kwanza nimepewa sare mpya. Nilisimama mlangoni pa chumba cha mashine, kwenye giza, nikamwomba Mama Pasi anipige. Alipiga, tukaangalia kwenye kile kioo cha nyuma, na uso ulikuwa unaonekana vizuri tu, ila sare ilikuwa imeungua, nyeupe tupu, kama nimejifunga shuka. Mimi nikakasirika. Nilikuwa nimeinyoosha sare ile nusu saa. Nilitaka muione. Nilitaka shemeji aone, na majirani, na kila aliyesema nitarudi baada ya mwezi nikilia. Mama Pasi ana mpwa mwenye kamera, anajua kidogo, akaifuta ile ya kwanza, akabonyezabonyeza, akapiga tena. Mikunjo ikatoka yote. Tukafurahi. Uso hatukuuangalia. Nikazima, nikafunga boksi.

Kwa hiyo ni mimi. Nimekuita mwizi wa mwanga miezi minne na mwizi ni mimi, kwa sababu ya mikunjo ya sare. Nisamehe. Mama Pasi naye anaomba radhi, ingawa anacheka.

Ile picha ya mlango nimeitazama. Nimeiweka chini ya godoro, siwezi kuibandika.

Lakini dada, kuna jambo halijakaa sawa. Picha namba moja umeijua lini? Mbona miezi yote hii hukuwahi kuniambia, "Tumepata picha yako"? Mimi nilidhani haikutoka. Iko wapi?

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, nikaihamisha hapa, kwa sababu nilitaka niwe na nafasi ya kufuta. Sasa sifuti.

Picha yako niliisafisha wiki ileile kamera ilipofika, mtoto akaililia, nikampa. Yuko nayo mpaka leo. Inakaa chini ya mto wake, pembe zimelainika kama kitambaa. Anaiita Mama wa Nguo. Kila siku akitoka shuleni anaitoa, anaieleza habari. Anaiuliza maswali, halafu anasubiri. Mimi akiniuliza hasubiri, anataka jibu papo hapo. Wewe anakusubiri.

Siku moja alikuja na picha, akaniuliza, "Mama hana uso?" Nikamwambia anao, ila uko mbali. Akaridhika. Akasema akija atakuja nao.

Nilidhani huko kwenu kuna giza, basi. Lakini mwezi wa tatu, Bwana Pasipoti alipokuwa ananieleza habari ya kujumlisha na kutoa, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa mwanao kwenye ukuta. Kilikuwa wewe mlangoni. Nilijua palepale, nikiwa nimesimama mezani kwake, kwamba nikikuandikia mstari mmoja tu, jipige nyingine uongeze mwanga, utaleta uso. Nikarudi nyumbani. Nikakuandikia kurasa mbili za kitufe, na mstari ule sikuuandika. Nimeandika na ya mwezi wa tano, sikuuandika tena. Picha ile niliitumia kukupiga nayo kichwani kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado sikuuandika.

Unasema una wivu. Wewe unaonea wivu mtu anayelisha, anayekojolewa, anayeulizwa. Mimi nilikuwa naionea wivu karatasi. Mimi ndiye ninayemfungia viatu, na akishafungwa viatu anakwenda kuieleza karatasi isiyo na uso. Nikajiambia, angalau haina uso. Ikiwa na uso nitabaki na nini?

Uliniuliza mwezi wa pili ananiitaje, nikakuletea mkasi. Ananiita Mama. Ile Mkubwa imeanguka zamani, sijui siku gani, na sikuinama kuiokota.

Nakurudishia kamera pamoja na kadi. Mshale nimeuacha katikati, usogeze mwenyewe. Jipige. Desemba njoo, sitafunga mlango. Lakini usije bila uso, mtoto atakuogopa, na hilo sitaki hata mimi.

Ukitaka kunitukana, karatasi ni zako.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Nilikutukana. Barua tatu. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mama yetu angenipaka pilipili mdomoni. Zote nimezichana, ila nataka ujue ziliandikwa, maana sipendi ujione umesamehewa kwa urahisi.

Miezi yote hii mwanangu anasema na kola.

Nilitembea na hasira ile kwenye shuka siku nyingi. Kisha nikajiuliza, ningekuwa wewe, nimelea, nimeshona kovu, halafu kuna mtu anakuja Desemba na chumba cha familia. Ningeandika ule mstari? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara jibu linachelewa. Kwa hiyo nimeacha kujiuliza, nikachukua kamera.

Safari hii sikwenda mlangoni kwenye giza. Nilikwenda uani, tunakoanika shuka zile ambazo mashine ya kukausha imezishindwa, safu nne, jua kali. Mama Pasi ndiye aliyeshika kamera, nikamwambia leo usiniangalie nguo. Ya kwanza mshale uko katikati: shuka zimepoa, zimekuwa za kijivu kama mvua inakuja, na mimi ni shimo tena. Nikacheka, Mama Pasi naye akacheka, tukaelewa kwa nini ukuta ule ulikuwa unakupa shida. Jumlisha moja: nikaanza kutokea. Mama Pasi akasema inatosha, ukiongeza sare itaungua. Nikamwambia ongeza. Jumlisha mbili.

Ndiyo hiyo niliyoiweka humu. Shuka zimepotea zote, hujui kama ni shuka au ni ukuta au ni hewa. Sare imepotea, haina mkunjo hata mmoja, vifungo sita vimekwenda. Nusu saa ya pasi hiyo, imekwenda. Ila mimi nipo. Nina mikunjo miwili karibu na mdomo ambayo nilikuwa siijui.

Nilitazama tundu la kamera. Sikumtazama Mama Pasi.

Mpe mwenyewe mkononi. Usimweleze ni nani. Usiseme neno lolote, nakujua, utatafuta la kusema. Kisha niandikie atakachosema, hata kama kitaniumiza. Akisema simjui, andika simjui.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu,

Imefika jana. Nilisubiri atoke shule, aoshe mikono, maana uliandika mkononi, na mikono ilikuwa ya udongo. Nikampa. Sikusema neno. Niliuma uzi ili nisiseme.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama sana, wewe unajua yeye hatulii hata kwa chai, basi alitulia. Akaigeuza nyuma, hakuna kitu. Akaigeuza tena. Akaenda chumbani, akaleta ile ya zamani, akaziweka sakafuni pamoja. Akaweka kidole kwenye kola ya ile, halafu kwenye kola ya hii.

Kisha akaniangalia mimi. Akaiangalia picha. Akaniangalia tena, macho, pua, mdomo, kama fundi anayepima dirisha. Nilihisi aibu, mdogo wangu, sijui kwa nini, nilikuwa na pini mdomoni na uzi kwenye meno.

Akauliza, "Mama Mkubwa, kumbe ulikuwa umevaa uso wa mama?"

Akasubiri. Mara ya kwanza ananisubiri mimi. Nikatoa pini, nikamwambia ndiyo, alikuwa ameniazima.

Akasema basi, na akaenda kuieleza picha habari za shule.

Umesoma vizuri alivyoniita. Imerudi yote, mpaka Mkubwa. Hakuna aliyemwambia. Tangu jana ananiita hivyo, na kila akiita nasimama kidogo kabla ya kuitika. Imeniuma, sitakudanganya, imeniuma kama sindano ikipita kwenye kucha. Lakini nimekuahidi nitaandika alivyosema, na nimeandika.

Ile ya giza nilitaka kuihifadhi, amekataa. Zote mbili ziko chini ya mto. Shemeji yako amepima kitanda, anasema kinaweza kufunguliwa vipande kikasafirishwa, skrubu nane tu. Desemba njoo na bisibisi.

Dada yako, Mama Mkubwa wake